Zamu Kwanza, Dua Baadaye

Kuna kazi ambazo ukizifanya vizuri hakuna anayekuona, na ukizikosea mara moja tu familia nzima inaitwa kikao. Ruweyda Salah wa Bulla Iftin, Garissa, alikuwa na kazi kama hiyo. Mshahara ulikuwa maashallah. Marupurupu yalikuwa maashallah ya pili. Likizo... wacha tuendelee tu.

Kazi yenyewe ilikuwa Ayeeyo Sahara, yaani nyanyake, mama mzazi wa marehemu babake. Kumwosha, kumgeuza kitandani, kumtawadhisha kila swala, kumtembeza mpaka kizingitini na kurudi, kumpa dawa ya presha huku akiapa kwamba alimeza jana na ya jana inatosha. Ayeeyo alikuwa na jicho moja lenye ukungu, nyonga iliyovunjika ikaunganika vibaya, na mdomo usio na hitilafu yoyote.

Na alikuwa na dua. Shida zote zilianzia hapo.

Kwa sababu katika ukoo huo hakuna mtu anayesafiri, kuoa, kufungua duka wala kununua gari bila kupitia kwa Ayeeyo. Unainamisha kichwa, anakuwekea kiganja, ananong'ona maneno yake, halafu anakutemea mate kidogo utosini, tuf. Umeiva, nenda. Kuna asubuhi foleni mlangoni ilikuwa kama ya maji siku bomba limerudi. Na kila aliyebarikiwa alisimama, akakung'uta magoti, akaondoka mbio kwenda kuzitumia baraka zake, Ruweyda akabaki pale na beseni.

Alhamisi moja alikuwa amechuchumaa kizingitini akimwosha Ayeeyo miguu, Adeer Abdiwahab akaingia. Huyo ni ami yake, mwenye duka la mabati na lori la kupeleka mizigo Mandera, pamoja na tumbo la kuthibitisha kwamba yote mawili yanaenda vizuri. Akaliruka beseni kama mtu anavyoruka dimbwi, akainamisha upara.

"Hooyo," akamwambia mamake, "niombee. Nimepata mteja Mandera. Mabati ya shule nzima!"

Ayeeyo akanong'ona. Tuf.

"Amin, amin." Akanyanyuka amejaa kama simu iliyotoka kwenye chaji. Akaona kikombe cha chai kwenye kigoda, akakimaliza. "Maashallah, mama anapendeza. Sisi kama familia tunajitahidi sana kumtunza."

"Hiyo ilikuwa chai yake, Adeer."

"Ah. Kweli ni tamu. Mwongezee."

Akaenda zake.

Hiyo "sisi" ndiyo iliyokuwa inamkata Ruweyda maini. Sisi tunamtunza. Sisi hatuwezi kumwacha mama yetu. Sisi si watu wa kupeleka wazee kwenye nyumba za wazee. Ukiichunguza hiyo sisi vizuri, unakuta ni msichana mmoja wa miaka ishirini na sita, mgongo unamuuma, na mikono inanuka sabuni ya kipande.

Aliingiaje? Kama watu wote wanavyoingia kwenye mambo ya familia: kwa muda tu. Ayeeyo alizaliwa huko upande wa Eldas, akalea watoto na ngamia. Kila walipohama, ni yeye aliyeibomoa nyumba ya miti na mikeka, akaipakia kwenye ngamia, akaisimamisha tena kwingine huku wanaume wakijadili siasa kivulini. Ukame ulipowamaliza wanyama akashuka Garissa, akauza mbuzi sokoni mpaka watoto wakawa watu wazima wenye matumbo. Halafu Abdiwahab, kwa heshima na mapenzi, akamtandikia chumba chake vigae vya kung'aa. Hata msikiti haukuwa na vigae kama vile. Ayeeyo akatoka kutawadha na miguu yenye maji, vigae vikafanya yao, nyonga ikaenda.

Wakati huo Ruweyda alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kozi ya uuguzi. Babake alishafariki, mamake alikuwa Bura akiuza maziwa ya ngamia. Familia ikakaa kikao, ikamtazama, ikasema alhamdulillahi, tuna nesi wetu wenyewe. Kwa muda tu, Ruweyda. Mpaka tujipange.

Ramadhani mbili zimepita. Bado wanajipanga.

Si kwamba walikuwa hawaleti kitu, jamani, tusiwasingizie. Eedo Muslimo, shangazi yake, alileta chupa ya chai. Halafu akasahau, akaleta nyingine, na wageni nao wakaiga, sasa chumba cha Ayeeyo kilikuwa kama duka la chupa za chai. Adeer Liban, yule wa Minnesota, alituma kiti cha magurudumu, magurudumu yenyewe membamba kama ya baiskeli ya mashindano. Mchanga wa Bulla Iftin ulikimeza siku ya kwanza mpaka kwenye ekseli. Siku hizi analala mbuzi mweupe humo, kwa heshima zote, na ukimwamsha anakuangalia vibaya.

Basi Alhamisi hiyo hiyo, chai ya pili ikiwa jikoni, simu ikalia. Shirika moja lenye mradi Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi, lilikuwa limemchagua. Kazi ni kuwatembelea wazee manyumbani, kupima presha, kuangalia vidonda, kuwafundisha watu wa nyumba jinsi ya kumgeuza mgonjwa bila kumvunja. Aripoti Jumatatu.

Ruweyda alitoka akasimama nyuma ya tangi la maji, akaongea Kiswahili. Kwanza kwa sababu mwenye kupiga alikuwa mtu wa bara. Pili kwa sababu nyumba nzima ilikuwa ya Kisomali, na Kiswahili chake kilikuwa kama kabati lenye kufuli: unaweka siri zako humo, Ayeeyo hapati ufunguo.

"Ndiyo, nitakuja. Lakini nipe mpaka kesho jioni nithibitishe, kuna mambo ya nyumbani."

Akarudi ndani mbio. Kulipwa! Kwa kufanya yale yale anayofanya! Na jioni mtu anakwambia kazi imeisha, nenda ukalale! Akafungua grupu la familia kwenye Wasap, lile linaloitwa Reer Ayeeyo, yaani watu wa Ayeeyo, akarekodi sauti kwa adabu zote. Nimepata kazi Dagahaley, inaanza Jumatatu, nitakuwa narudi wikendi, naomba tupange zamu za Ayeeyo.

Kimya. Grupu ambalo mtu akituma picha ya harusi linawaka moto, likawa kama kaburi. Mistari ya bluu ikaonekana, moja baada ya nyingine. Wamesikia wote.

Mwishowe Liban akatuma kipande cha video cha sheikh akieleza haki za wazazi. Ruweyda akaiuliza simu, kwani huyu sheikh ndiye anakuja kumgeuza?

Muslimo akarekodi: "Abaayo, mpenzi wangu, hiyo ni habari njema, lakini fikiria. Utaosha bibi za watu na bibi yako yuko nyumbani? Watu watasema nini? Mimi ningekuja, wallahi, lakini unajua hali yangu ya goti."

Goti la Muslimo, kwa taarifa yako, lilikuwa limecheza harusini Jumapili iliyopita bila kulalamika.

Abdiwahab akamaliza kesi: "Ruweyda, wewe Pepo yako tayari. Dagahaley unatafuta nini?" Na dole gumba.

Ruweyda akakumbuka dole gumba lingine. Mwezi uliopita alituma kwenye grupu picha ya kidonda kilichokuwa kinafunguka kwenye kisigino cha Ayeeyo, akaomba mtu alete godoro laini na gari la kumpeleka hospitali. Alijibiwa dole gumba, mikono ya dua, na moyo. Kidonda akakihangaikia peke yake.

Ijumaa jioni akachoka. Si kuchoka kwa mwili, huko alishazoea. Akaenda nyuma ya tangi, akapiga.

"Samahani," akasema. "Nafasi hiyo sitaweza. Nyanyangu hana mtu. Hapana, hakuna mwingine. Ndiyo... sawa, hata kama mnaishikilia mpaka kesho, jibu litakuwa hilo."

Alipogeuka kuingia ndani akasikia sauti kutoka kitandani. Haikuwa ya Kisomali.

"Wewe. Kuja hapa."

Ruweyda akasimama mlangoni, mdomo wazi.

"Nani nasema mimi hafna mtu?" Ayeeyo alikuwa amejiinua kwa kiwiko kimoja. "Mimi nasaa watu mpaka nachoka. Kila asubuhi hao watoto naruka hiyo beseni."

"Ayeeyo... unajua Kiswahili?"

"Mimi nauza mbusi miaka mingi kwa soko. Mteja yangu ilikuwa Mkamba, Mmeru, na bolisi. Unafikiri tulikuwa tunapiga bei na Kifaransa?"

Ruweyda akakumbuka yote aliyowahi kuyasema nyuma ya tangi. Simu za marafiki. Simu ya yule kijana wa benki. Ile siku aliyosema nyanya yake ni mkaidi kuliko punda wa maji.

"Na ya bunda nasikia," akasema Ayeeyo, halafu akarudi kwenye Kisomali chake, ambako hasira zake zilikuwa na nafasi ya kutosha. "Kaa hapa. Nani alikuambia uikatae kazi kwa niaba yangu? Uliniuliza?"

"Ningekuuliza nini? Nikuache na nani? Adeer hajui hata unakunywa chai gani, anajua tu kuinywa!"

"Hukuniuliza. Abdiwahab hakuniuliza alipoweka yale mawe ya kuteleza. Liban hakuuliza, akamletea mbuzi kiti. Mnanipitisha mikononi kama mzigo, kila mtu anajua ninachotaka isipokuwa mimi."

"Basi unataka nini, Ayeeyo?" Sauti ya Ruweyda ilipanda mpaka mbuzi akageuza kichwa. "Niambie, kwa sababu mimi nimechoka! Nimechoka na nikisema nimechoka naambiwa Pepo! Sitaki Pepo wiki hii, nataka usingizi!"

Astaghfirullah, akaziba mdomo. Ayeeyo akamwangalia kwa lile jicho zima. Halafu, wallahi, mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Hao watu," akasema akipangusa jicho, "wananijia kwa ajili ya mate yangu. Sasa tuone nani atayapata. Yule wa kazi umwambie kesho utamjibu vizuri. Na usiguse kitu mpaka niseme."

Jumamosi asubuhi lori la Abdiwahab lilikuwa nje, mabati yamefungwa kamba, injini inaunguruma. Dereva wake, Kadar, hakuwa mtu wa kuondoka bila dua ya Ayeeyo. Aliwahi kuondoka bila hiyo dua mara moja, akakwama kwenye matope mbele ya El Wak mpaka akawa anajuana na fisi kwa majina, kwa maelezo yake mwenyewe. Abdiwahab akaingia mbio, akaruka beseni, akainamisha upara.

Akangoja.

Akangoja sana. Akainua jicho moja. Kiganja cha Ayeeyo kilikuwa mapajani, kimefungwa.

"Hooyo? Lori linanguruma."

"Nalisikia."

"Niombee basi."

"Zamu kwanza, dua baadaye. Maji yako kwenye beseni, sabuni ile pale. Anza na miguu."

Abdiwahab akamgeukia Ruweyda, uso ukiomba msaada. Ruweyda alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekunja mikono, kama alivyoagizwa.

"Adeer," akamwambia Ruweyda. Usishangae, ndivyo Wasomali wanavyofanya: ami anamwita mtoto wa nduguye kwa jina lile lile analoitwa yeye, heshima inaenda na kurudi. Siku hiyo ilikuwa inaenda tu. "Adeer, mwambie. Mimi mwanamume, nina lori nje."

"Kuniogesha mwili ni kazi ya Muslimo, nimeshamwita," akasema Ayeeyo. "Wewe nakupa miguu, chai na kutembea. Kwani miguu yangu ina aibu gani? Nilikubeba nayo kutoka Eldas."

Kadar akachungulia mlangoni. "Bosi, tunaenda?"

"Subiri!"

"Mimi nasubiri tu. Bila dua sitii gia."

Jamani, kuosha. Abdiwahab alimwaga maji yakaingia mvunguni. Akaleta mengine, ya moto ya kupikia ugali, Ayeeyo akamtia kofi la bega. Akashika mguu kwa vidole viwili kama mtu anayeshika samaki. Ruweyda alikuwa anateseka kwenye mkeka, mikono inawasha. Si hivyo! Shika chini ya kisigino! Kila alipofungua mdomo Ayeeyo alisema, "Kaa."

Kisha Abdiwahab akageuza mguu wa kulia.

Akakiinamia kisigino. Kilikuwa kimepona kiasi, ngozi mpya ya waridi, katikati bado kuna shimo.

"Hii ni nini? Hii tangu lini?"

"Ni kile kidonda," akasema Ruweyda. "Nilikutumia picha."

"Mimi?"

"Ulijibu dole gumba."

Abdiwahab akatoa simu mfukoni kwa mkono wenye povu, akapekua grupu juu, juu, juu, mpaka akaipata. Akaiona picha, na chini yake dole lake. Akairudisha simu mfukoni polepole. Alipoushika tena mguu wa mamake aliushika kwa viganja vyote viwili, na maji hayakumwagika.

Muslimo akafika akichechemea, goti likiwa limezidiwa ghafla. Alikuja kuombewa binti yake anayeposwa. Ayeeyo akamwonyesha kitambaa cha kuogea. Muslimo akaanza hotuba ya goti.

"Goti nimeona kwenye video ya harusi," akasema Ayeeyo. "Ruweyda alinionyesha. Linacheza vizuri kuliko la binti yako."

Muslimo akachukua kitambaa.

Alasiri Liban akapiga simu ya video, kwao ni asubuhi, tai shingoni, anaenda kwenye usaili wa kazi mpya. Dua ya haraka tu, hooyo. Ayeeyo akaifunika kamera kwa mtandio.

"Mwambieni huku mtandao wa dua umekatika."

"Hooyo, niko mbali! Nitafanya zamu gani mimi?"

"Utanipigia kila siku tuongee. Si kuomba dua. Tuongee. Nataka kujua unakula nini huko na kama hiyo baridi inaisha." Halafu sauti ya mtu mzima mwenye tai ikasema, ndogo sana, "Sawa, hooyo." Hapo mtandio ukaondolewa. Tuf, kwenye kioo cha simu ya Ruweyda, ambayo ndiyo kwanza imewekwa kioo kipya.

Lori lilikuwa limeondoka adhuhuri, Kadar amebarikiwa mpaka tairi. Kabla halijatoka Abdiwahab alimtembeza Ayeeyo mpaka kizingitini, hatua za kobe, jasho likimtoka kuliko siku ya kupakia mabati. Njiani akasimama kwenye vile vigae, akaviangalia. Jioni akaja mtu na nyundo, akavibandua vyote, sakafu ikatiwa saruji ya kukwaruza. Ayeeyo aliulizwa kwanza. Alisema afadhali mngeweka mchanga.

Zamu zikapangwa kwenye grupu. Zilipangwa kwa ugomvi, kelele, na Muslimo kutoka kwenye grupu na kurudishwa, lakini zikapangwa. Ruweyda akapiga Dagahaley akasema anakuja.

Jumatatu asubuhi begi lilikuwa mlangoni, na yeye bado anaelekeza. Dawa ya presha hii, usimwamini akisema amemeza. Mgeuze hivi. Chai tangawizi kidogo, sukari usimsikilize. Abdiwahab anaitikia kama mwanafunzi wa chuo, hakuandika chochote.

"Nenda," akasema Ayeeyo.

Ruweyda akapiga magoti. Ndipo ikamjia kwamba miaka yote hiyo, foleni yote hiyo, yeye hakuwahi kuinamisha kichwa. Nani angepata nafasi? Yeye ndiye alikuwa ameshika beseni.

"Ayeeyo, na mimi niombee."

"Wewe? Nimekuombea kila siku unaponigeuza. Unafikiri nilikuwa nanung'unika nini?"

"Nilifikiri unanitukana."

"Nusu ilikuwa dua."

"Na nusu?"

"Maji yalikuwa baridi."

Lakini akamwekea kiganja, akanong'ona kwa muda mrefu kuliko aliowahi kumpa mtu yeyote wa lori, na tuf yake ilikuwa tuf ya uhakika, mpaka miwani ya Ruweyda ikabidi ifutwe.

Siku ya tatu kambini, Ruweyda akiwa ameshika mguu wa bibi mmoja wa Dagahaley ambaye naye alikuwa anamtukana kwa ufasaha, simu ikalia. Adeer Abdiwahab.

"Ruweyda, amekataa chai yangu. Anasema si chai, ni maji ya kuoshea sufuria. Amekataa viatu. Dawa anasema amemeza. Njoo basi hata leo jioni tu, adeer, kwa muda tu..."

Ruweyda akafumba macho. Hiyo "kwa muda tu" aliijua kwa sura na kwa harufu. Kabla hajajibu, nyuma ya Abdiwahab ikasikika sauti nyingine, kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kusema hakusikia vizuri:

"Wewe fanya kasi yako! Usirudi! Huyu mimi nafundisha!"

Simu ikakatika. Ruweyda akaiweka mfukoni, akaushika mguu wa bibi vizuri, chini ya kisigino, akaendelea kuosha.